Kuthamini kampuni kwa ajili ya kazi ya benki ya uwekezaji: kozi ya kulipia, CFA, mihadhara ya bure au nyaraka za miamala?

Usaili wa benki ya uwekezaji, yaani benki inayoshauri kampuni zinaponunuliwa au kuuzwa, huwa na mtihani wa kuthamini kampuni, na mtihani wenyewe huwa hivi: unaketishwa mbele ya kompyuta, unakabidhiwa ripoti ya mwaka ya kampuni usiyoijua, faili tupu la Excel na muda wa saa mbili au tatu. Muda ukiisha wanataka waone makadirio ya miaka mitano, thamani ya kampuni, na maelezo mafupi ya kwa nini umeziamini hizo namba. Kama si mtihani wa kuandika, basi ni maswali ya ana kwa ana yanayopima mambo hayo hayo.

Mara ya kwanza nilipoufanya nilikuwa nimekariri fomula ya gharama ya mtaji (faida ambayo wawekezaji wanaidai kwa fedha zao) kama ninavyolijua jina langu. Dakika arobaini zilipotea nikitafuta madeni ya majengo ya kukodi yameandikwa ukurasa gani wa ripoti. Mizania yangu haikulingana pande mbili, na sikujua nianzie wapi kuisahihisha. Nafasi sikuipata. Baadaye nilihamia upande wa pili wa meza, nikawa ndiye ninayesoma mafaili ya waombaji, na makosa nayaona yakijirudia kwa sura mbili. Kuna wenye mkono mwepesi wasioweza kueleza kwa nini wameweka ukuaji wa asilimia 3 badala ya 2. Na kuna wanaoeleza vizuri sana, lakini muda unaisha kabla hawajamaliza hata taarifa ya mapato. Karibu kila mara, sura ya kosa inanionyesha mtu alijifunza kwa njia gani.

Njia kubwa ni nne: kozi za kulipia za kutengeneza modeli (faili la Excel linalokadiria fedha za kampuni), cheti cha CFA (Chartered Financial Analyst, cha wachambuzi wa fedha), mihadhara ya chuo kikuu inayopatikana bure kwenye intaneti, na kujisomea mwenyewe nyaraka za miamala iliyokwisha kufanyika, yaani kampuni moja kuinunua nyingine. Shahada ya uzamili naiweka kando, kwa sababu mtu haendi kuichukua ili ajifunze kuthamini tu. Kati ya hizo nne, ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote. Lakini haifai kuwa ya kwanza kwa kila mtu.

Jipime kabla hujachagua

Chukua karatasi ujibu swali hili bila kufungua kitabu. Uchakavu wa kampuni umeongezeka kwa 100, na kodi ni asilimia 30. Nini kinabadilika kwenye taarifa tatu za fedha: ya mapato, ya mtiririko wa fedha na mizania?

Jibu: faida kabla ya kodi inapungua kwa 100, kodi inapungua kwa 30, kwa hiyo faida halisi inashuka kwa 70. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hasi 70, kisha unairudisha ile 100, maana uchakavu haukutoa hata senti moja benki. Fedha taslimu zinaongezeka kwa 30. Kwenye mizania, mali za kudumu zinapungua 100 na fedha zinaongezeka 30, jumla upande wa mali unashuka 70. Upande wa pili, faida iliyolimbikizwa imeshuka 70. Pande zimelingana.

Kama umejibu kwa dakika moja, na umeweza kueleza kwa nini fedha zimeongezeka wakati faida imeshuka, uhasibu wako unatosha, nenda moja kwa moja kwenye kuthamini. Kama umekwama, usinunue kozi yoyote ya kuthamini sasa hivi. Tafuta kwanza mahali pa kujifunza jinsi taarifa tatu zinavyoshikana, hata kama itakuchukua mwezi mzima. Nimeona watu wengi wakiruka hatua hii kwa kuona aibu kurudi kwenye mambo ya mwanzo, na wote wanakwama pale pale: modeli inakataa kulingana, nao wanaweka namba ya kubandika ili ilingane. Msailiwa hajui kwamba namba ya kubandika ndiyo kitu cha kwanza ambacho msaili anakitafuta.

Kozi za kulipia: zinafundisha mikono

Wall Street Prep, Training The Street, Breaking Into Wall Street na Corporate Finance Institute ndiyo majina utakayokutana nayo mara nyingi. Baadhi yao, kama mbili za kwanza, hukodiwa na benki zenyewe kuwafundisha wachambuzi wapya wanapoanza kazi. Hilo linakupa uhakika kwamba unachofundishwa ndicho kinachotumika.

Wanachokifanya vizuri kuliko mtu mwingine yeyote ni kukujengea tabia. Namba uliyoiingiza kwa mkono inaandikwa kwa rangi ya bluu, fomula inaandikwa kwa nyeusi, na fomula inayochota namba kutoka karatasi nyingine ya faili hilo inaandikwa kwa kijani. Dhana zote zinakaa mahali pamoja, hazifichwi ndani ya fomula. Kila taarifa ina mstari wa ukaguzi chini yake unaosoma sifuri ukiwa umepatia. Kipanya kinawekwa mbali, kazi yote inafanywa kwa kibodi: F2 kuingia ndani ya seli, Ctrl na mabano ya mraba ya kufungulia kurukia kwenye seli fomula inakochota. Ukiyasoma hivi yanaonekana mambo madogo. Lakini mkuu wako akilifungua faili saa tano usiku, akabadilisha namba moja ya bluu na thamani yote ikafuata bila kuvunjika, ndipo anapoanza kukuamini.

Udhaifu wao unatokana na wema wao. Kiolezo kimeshajengwa, ripoti ya kampuni imeshachambuliwa, dhana zimeshachaguliwa. Mwalimu anaandika asilimia 3 kwenye ukuaji wa kudumu, nawe unaandika asilimia 3. Unamaliza ukiwa na modeli nzuri iliyojaa maamuzi ya mtu mwingine.

Uamuzi huo una uzito kiasi gani? Tuchukue kampuni ambayo mtiririko wake huru wa fedha (fedha zinazobaki baada ya kulipia uendeshaji na uwekezaji) kwa miaka mitano ni 80, 85, 90, 95 na 100, na gharama ya mtaji ni asilimia 9. Thamani ya leo ya miaka mitano yote ni karibu 347. Sasa iongeze thamani ya miaka yote inayofuata, kwa kudhani ukuaji wa asilimia 2 usiokoma: 102 ukigawa kwa 0.07 unapata 1,457, ambayo ikirudishwa kwenye thamani ya leo ni 947. Kampuni ina thamani ya karibu 1,294, na asilimia 73 ya thamani hiyo inatoka kwenye miaka ambayo hata hukuikadiria. Badilisha ukuaji uwe asilimia 3. Thamani inaruka hadi karibu 1,462, yaani asilimia 13 zaidi. Ni seli moja tu imeguswa.

Kwa hiyo mtu akiniambia amemaliza kozi, swali langu huwa: kwa nini 3? Jibu ninalolitaka ni la aina hii: hakuna kampuni inayoweza kukua haraka kuliko uchumi wote milele, na kampuni hii soko lake limeshajaa, kwa hiyo nimebaki chini. Au: nimegawa ile thamani ya mwisho kwa EBITDA ya mwaka wa tano, yaani faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, nikapata mara 8, na kampuni za aina hii zinauzwa kwa mara 7 hadi 9, basi sijapotea sana. Kozi nyingi hugusa ukaguzi huu kwa sentensi moja kisha zinasonga mbele.

CFA: uhasibu wa kina, mwendo mrefu

CFA ina ngazi tatu za mitihani, na CFA Institute yenyewe inapendekeza kama saa 300 za kusoma kwa kila ngazi. Ukifaulu zote bado unahitaji saa 4,000 za kazi inayohusika, zilizotimia kwa muda usiopungua miezi 36, ndipo uweze kuandika herufi hizo mbele ya jina lako. Anayetafuta nafasi ya kwanza hawezi kuwa ameimaliza. Anachoweza kuonyesha ni kwamba amefaulu ngazi ya kwanza au ya pili.

Ngazi ya pili ndiyo yenye nyama kwa mtu wetu. Hapo unakutana na kuthamini hisa kwa gawio, kwa mtiririko huru wa fedha, kwa vizidishi (thamani ni mara ngapi ya faida) na kwa faida iliyobaki baada ya kulipa gharama ya mtaji. Sehemu ya uchambuzi wa taarifa za fedha, yaani pensheni, kampuni tanzu, fedha za kigeni na ubora wa faida, ni ya kina kuliko kozi yoyote ya modeli ninayoijua. Aliyepita hapo anajua madeni yanajificha wapi, na maarifa hayo ni adimu.

Lakini mtihani wa ngazi mbili za kwanza ni wa kuchagua jibu, na namba unapewa. Unaambiwa beta, yaani kipimo cha hisa inavyoyumba ikilinganishwa na soko, ni 1.2, riba ya dhamana za serikali ni asilimia 4, unapewa na ziada ya faida ya soko la hisa, tafuta gharama ya mtaji wa hisa. Kazini hakuna wa kukupa beta. Unaitafuta kwa kampuni sita zinazofanana na hiyo, unaondoa athari ya madeni ya kila moja, unachukua ya katikati, kisha unairudishia madeni ya kampuni yako. Zaidi ya hayo, CFA iliundwa kwa ajili ya watu wanaosimamia fedha za wengine na kuchambua hisa. Huko inathaminiwa sana. Benki ya uwekezaji inayotafuta mchambuzi mchanga inaiona kama dalili nzuri ya bidii, mara nyingi basi. Miaka ya karibuni wameongeza moduli za vitendo, ikiwemo ya kutengeneza modeli za fedha, na ni hatua nzuri, ila haitoshi kumfanya mtu awe na mkono mwepesi.

Ushauri wangu ni wa wazi: kama unataka benki ya uwekezaji tu na usaili uko ndani ya mwaka, saa 300 hizo zitumie kwingine. Kama bado hujaamua kati ya benki, utafiti wa hisa na usimamizi wa mifuko, ngazi ya kwanza inakufungulia milango yote mitatu kidogo kidogo.

Mihadhara ya bure: inafundisha kufikiri

Aswath Damodaran anafundisha katika Stern School of Business ya New York University tangu 1986, na ameweka darasa lake zima la kuthamini kampuni kwenye intaneti: video, maswali, mitihani na lahajedwali. Kila Januari anatoa pia data za sekta kwa sekta, beta, gharama ya mtaji, faida kwa kila mauzo, kiasi kinachorudishwa kwenye biashara, na yeyote anaweza kuzipakua. Kwa mwanafunzi asiyeweza kulipia mifumo ya data ambayo benki hutumia, hiyo ni hazina.

Anachokazania yeye ni kwamba kila namba lazima isimame juu ya simulizi ya biashara. Ukisema mapato yatakua kwa asilimia 20 kwa miaka kumi, umesema kampuni itachukua sehemu fulani ya soko. Je, soko hilo lina ukubwa wa kutosha? Na ukuaji huo utagharimiwa na nini? Wengi husahau hili la pili. Wanakuza mapato bila kuongeza uwekezaji, kana kwamba viwanda vinajijenga vyenyewe, halafu wanashangaa thamani imekuwa kubwa mno.

Mahali anapotofautiana na benki ni pengi, na usipojua utaaibika kwenye usaili. Benki huanza na vizidishi, yeye huanza na mtiririko wa fedha. Lahajedwali zake zinajibu swali la thamani vizuri, lakini hazijajengwa kwa mpangilio wa taarifa tatu unaotegemewa na timu ya muamala. Habari za kununua kampuni kwa mkopo mkubwa, au za kupima kama muungano utaongeza au kupunguza faida kwa kila hisa, hutazipata huko kwa kiasi unachohitaji.

Kuna jambo moja la kibinadamu pia. Kitu cha bure hakina tarehe ya mwisho, na nimewashuhudia watu wakiishia mhadhara wa nne. Ukichagua njia hii tafuta mwenzako mmoja, mkubaliane kila wiki kila mtu atathamini kampuni yake na kumweleza mwenzake.

Nyaraka za miamala: unaona benki zilivyofanya

Sasa tufike kwenye njia ambayo haina cheti wala mwalimu.

Kampuni iliyoorodheshwa Marekani ikinunuliwa, na ununuzi ukahitaji kura ya wanahisa, inawatumia waraka wa kuwaeleza kila kitu kabla ya kupiga kura. Waraka huo unawekwa kwenye EDGAR, hifadhi ya tume ya hisa ya Marekani, SEC, na kuusoma hakuna malipo. Utafute kwa jina la fomu DEFM14A. Ukurasa baada ya ukurasa unasimulia nani alimpigia nani simu, bei gani ilitajwa, nani alikataa. Baadaye inafuata barua ya benki iliyoishauri bodi, ikisema bei ni ya haki kifedha, na muhtasari wa hesabu zake: kampuni gani walilinganisha nazo, vizidishi gani walitumia, mtiririko wa fedha waliupunguza kwa asilimia ngapi, makadirio ya uongozi yalikuwa yapi.

Barua hizo zilipata umuhimu wake mkubwa baada ya kesi ya Smith dhidi ya Van Gorkom, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo la Delaware, Marekani, mwaka 1985. Bodi ya Trans Union ilikuwa imeidhinisha kuuza kampuni kwa dola 55 kwa hisa, katika kikao cha kama saa mbili, baada ya kusikiliza maelezo ya mdomo ya dakika 20, bila uchambuzi wowote wa thamani mezani. Bei ilikuwa juu ya bei ya soko, lakini mahakama ilisema wakurugenzi hawakujipa taarifa za kutosha. Tangu hapo bodi hupenda kuwa na barua ya benki mkononi. Ukiijua historia hii unaelewa kwa nini kila dhana kwenye modeli yako lazima iwe na chanzo kinachoweza kusomwa na wakili.

Mfano ninaoupenda ni Microsoft kuinunua LinkedIn, muamala uliotangazwa tarehe 13 Juni 2016. Bei ilikuwa dola 196 kwa hisa, taslimu, asilimia 49.5 juu ya bei ya mwisho sokoni ya dola 131.08. Soma simulizi ya mazungumzo kwenye waraka wa LinkedIn: Microsoft ilianza na dola 160, na kuwepo kwa mnunuzi mwingine kulisukuma bei ikapanda hatua kwa hatua. Kampuni ilikuwa ile ile na mapato yale yale, lakini bei ya mwisho ikazidi ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 22. Anayedhani kuthamini ni kutafuta namba moja sahihi, mfano huu unamtibu. Benki inatafuta mpaka wa chini na wa juu, ili mwenye kujadiliana ajue amesimama wapi.

Halafu fanya hesabu mwenyewe. Tangazo lilitaja dola bilioni 26.2, na lilisema kiasi hicho kinajumuisha fedha taslimu za LinkedIn baada ya kuondoa madeni. Mwisho wa 2015 fedha na dhamana zake zilizidi deni lake kwa takriban bilioni 1.8. Kwa hiyo biashara yenyewe ilinunuliwa kwa kama bilioni 24.4. EBITDA iliyorekebishwa ambayo LinkedIn ilitangaza kwa 2015 ilikuwa milioni 780. Gawa: karibu mara 31.

Usiishie hapo. Fungua jedwali la marekebisho uone ni nini kilichorudishwa kwenye faida kufikia hiyo milioni 780. Utakuta malipo ya wafanyakazi kwa hisa, takriban milioni 510. Damodaran na wengi wenye mtazamo wake wanasema hayo ni matumizi kama mshahara mwingine wowote. Ukiyahesabu hivyo, EBITDA inabaki kama milioni 270, na kizidishi kinakuwa karibu mara 90. Chaguo moja la kihasibu limebadilisha 31 kuwa 90. Ukiliona hilo kwa macho yako, kwa namba ulizozichota mwenyewe, hutasoma tena maneno “EBITDA iliyorekebishwa” bila kwenda kutafuta jedwali lake.

Linganisha na Amazon kuinunua Whole Foods mwaka 2017: dola 42 kwa hisa, na tangazo likataja kama bilioni 13.7 zikiwemo na madeni. Angalia vizuri. Namba ya LinkedIn ni ya wenye hisa, ndani yake mna fedha za kampuni. Ya Whole Foods ni ya biashara nzima, ndani yake mna deni. Vyombo vya habari vinaziweka kwenye orodha moja ya miamala mikubwa, lakini ukizigawa zote mbili kwa EBITDA bila kurekebisha, moja itakudanganya.

Mazoezi yenyewe nayafanya kwa utaratibu huu, na sijapata mwingine ulionifaa zaidi. Napakua ripoti ya mwaka, fomu 10-K, na ya robo ya karibuni, fomu 10-Q, zile zilizokuwepo kabla ya tangazo. Naandaa namba za miezi kumi na miwili ya mwisho: mwaka mzima, ongeza robo mpya zote, toa robo kama hizo za mwaka uliotangulia. Najenga makadirio yangu, nachagua kampuni zangu za kulinganisha na kuandika sentensi moja kwa kila moja, kwa nini imeingia. Natoa mpaka wa chini na wa juu wa bei kwa hisa. Ndipo nafungua waraka wa benki. Sehemu ya faida kubwa ni hapa, pale namba zao na zangu zinapoachana. Labda wao wamehesabu hisa zaidi kwa sababu wameingiza haki za wafanyakazi za kununua hisa ambazo mimi nimezisahau. Labda wameiacha kampuni niliyoiona pacha kabisa. Kila tofauti naiandika kwenye daftari, na daftari hilo limenifundisha kuliko kozi zote nilizolipia.

Kasoro za njia hii zipo. Mwanzoni ni ya polepole mno, muamala mmoja unaweza kula majuma mawili. Hakuna wa kukuambia umekosea fomula. Na asiyejua uhasibu ataukimbia waraka wa kurasa mia mbili kabla hajafika penye hesabu.

Nani achague nini

Usaili uko baada ya wiki sita, na uhasibu unaujua: nunua kozi moja, imalize ndani ya wiki tatu, zilizobaki ujenge modeli mbili kuanzia faili tupu bila kiolezo. Moja ijenge kwa kujipimia saa. Usinunue kozi ya pili. Ya pili inarudia asilimia kubwa ya ya kwanza.

Una miezi sita na fedha ni kidogo: darasa la Damodaran kwa miezi miwili, kisha miamala minne kutoka EDGAR. Mpangilio wa rangi na njia za mkato za kibodi unaweza kuzipata bure, ni suala la kujilazimisha kuzitumia kila siku.

Unatoka fani nyingine kabisa, uhandisi au sheria kwa mfano: uhasibu kwanza, halafu kozi ya kulipia, maana utahitaji mtu wa kukushika mkono. Wanasheria wakishavuka hapo huwa wazuri sana kwenye nyaraka za miamala, kwa kuwa wanasoma tanbihi ambazo wengine huziruka.

Tayari uko kazini kwenye ukaguzi wa hesabu na unataka kuhama: uhasibu unao, mikono unayo nusu. Ruka CFA na uende moja kwa moja kwenye miamala. Kinachokukosesha ni mazoea ya kutazama mbele, kwa kuwa umezoea kuhakiki kilichokwisha kutokea.

Kwa muamala wa kwanza chagua uliolipwa taslimu, wa kampuni yenye biashara moja inayoeleweka. Whole Foods inafaa: maduka ya vyakula, na kampuni za kulinganisha ni rahisi kuzipata. LinkedIn ifuate. Muamala uliolipwa kwa hisa uache hadi wa nne au wa tano, kwa sababu huko unalazimika kuthamini kampuni mbili kwa pamoja. Benki na kampuni za bima usizianze kabisa. Kwao deni ni malighafi ya biashara yenyewe, huwezi kulitenga na mtaji kama tulivyofanya hapa, na hupimwa zaidi kwa gawio na kwa thamani ya mtaji iliyo vitabuni.